Dua ya Dada Febronia

Tumepokea kwa waliotutangulia katika imani, Mola awape raha ya milele, kwamba palikuwa na nyumba ya watawa wa kike ukingoni mwa jangwa la Misri, na miongoni mwao Dada Febronia, aliyekabidhiwa kuoka mkate wa meza ya Bwana. Sheria ya nyumba ile ilikuwa kali. Mwenye kuukanda unga huo asile kitu tangu alfajiri, asiwe na kinyongo na mtu, na midomo yake isiache kusali mpaka amalize. Febronia alisali kwa sauti tamu, na wenzake wakipita dirishani walipunguza mwendo wapate kusikia.

Lakini moyo wa mwanadamu, jamani! Mkuu wa nyumba alipofariki, wote walidhani Febronia ndiye atakayeshika nafasi yake, na yeye mwenyewe alidhani hivyo kuliko wote. Akachaguliwa Makrina, mdogo kwake kwa miaka kumi, ambaye hata kusoma alisoma kwa kubabaisha. Febronia akambusu mkono, akamwita Mama, akarudi jikoni. Tangu siku hiyo, midomo ikimsifu Mungu na mikono ikiwa katika unga, moyo wake ulisema neno moja tu: Bwana, mwondoe. Hakuliona kuwa ni dhambi, kwa kuwa hakulitamka. Alidhani Mungu huisikiliza sala kama walivyoisikiliza wale waliopita dirishani.

Ukapita mwaka. Mama Makrina akashikwa na homa, akakonda akabaki mifupa. Adhuhuri moja, siku iliyotangulia sikukuu ya Ufufuko, alimwita Febronia, naye akaja na unga mikononi.

"Dada yangu," akasema mgonjwa, "naogopa kufa. Nimeambiwa huachi kusali unapokanda. Je, mimi hunitaja?"

"Nakutaja, Mama," akajibu Febronia, na hilo lilikuwa kweli.

"Basi nakusihi usiache. Dua hiyo hiyo unayoniombea kila siku, endelea nayo mpaka Mungu aikubali."

Febronia akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Aliutazama mwili ule juu ya mkeka, akaamini kwamba dua yake ilikuwa imefika. Akajiona amesimama uchi mbele ya Yule aliyemsikia mwaka mzima, hata siku ile alipokuwa akiubusu mkono. Angeweza kuitikia tu na kutoka, na hakuna mtu ambaye angejua. Ila sasa hakuwaogopa watu tena.

"Mama, usiniambie niendelee," akasema. "Nimekuombea ufe."

Mama Makrina akamtazama, machozi yakimtiririka.

"Mungu amelijua hilo tangu lini?"

"Tangu siku uliyochaguliwa."

"Na hakukuua." Akavuta pumzi kwa taabu. "Basi nami sina ruhusa ya kukuhukumu. Nimekusamehe. Nenda ukaumwage unga huo, ukande mwingine, lakini midomo yako uifunge. Ukande huku ukijua kwamba anakusikia."

Febronia akaumwaga unga ule, akakanda mwingine kimya. Siku ya nane Mama Makrina akafariki. Febronia ndiye aliyemwosha, wala hakujua hadi mwisho wa maisha yake kama marehemu aliuawa na homa au na dua ile. Alikwenda kaburini na hofu hiyo, pamoja na msamaha aliopewa.

Ndugu zangu wapendwa, kisa hiki nakisimulia kwa shida, maana nami ni mtu ninayesifiwa kwa kusali vizuri. Ndimi zetu tunazichunga kwa sababu ya majirani, na moyo tunauacha uropoke kama nyumba isiyo na mwenyewe, kumbe mwenyewe yumo ndani. Ee Mola, unayesikia kabla midomo haijafunguka, uturehemu kwa yale ambayo umekwisha kuyasikia.