Mlango wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika uji na kufunga milango, kulikuwa na bonde lenye bwawa lisilokauka. Bonde lilizungushiwa ua wa miiba, na ua huo ulikuwa na mlango mmoja tu. Mlinzi wake alikuwa Kiboko, na msaidizi wake Nyati.

Mwanzoni wageni walikuja mmoja mmoja, wakaulizwa hali, wakapewa maji, wakapita. Kisha nyika ya nje ikashika moto. Sasa wakaja makundi kwa makundi, kwato zimeungua, watoto mgongoni. Foleni ikawa ndefu na Kiboko akachanganyikiwa. Akajiambia kwamba hawa wametoka motoni, basi moto utawafuata. Ndipo akatunga sheria: anayenuka moshi haingii.

"Na ukinusa, fumba macho," alimfundisha Nyati. "Macho yana huruma, yatakuponza. Majina usiyasikilize. Kila mtu ana jina."

Basi kutwa Nyati alisimama pale kafumba macho, fu, fu, ananusa. Moshi, rudi nyuma. Moshi, rudi nyuma. Sasa nani atoke motoni asinuke moshi? Wenyeji walisikia vilio, wakafunga madirisha, wakaendelea kula. Naona aibu hata kuwasimulia.

Kwenye foleni alikuwemo Digidigi na mwanawe mchanga aliyekauka midomo. Alibeba kibuyu kilichobaki na funda moja la maji, akimwekea mtoto. Alipofika mlangoni, Kiboko mwenyewe alimwambia arudi alikotoka. Digidigi hakubishana. Alikwenda mkiani mwa foleni akaanza upya, maana alikotoka palikuwa pameteketea.

Pimbi, mdogo kuliko hata kichwa cha Nyati, aliishi kwenye mawe karibu na mlango, na hayo yote aliyaona. Akamwendea Kiboko, akamsifu kwa kazi nzuri, kisha akamwambia kwa upole kwamba wenyeji wanauliza foleni inaishia wapi, na inasemekana mlinzi hajui.

"Sijui mimi?" Kiboko akafura. "Nakwenda kuangalia sasa hivi."

Akatoka, mwili umelowa maji ya bwawa. Nje ardhi yote ilikuwa majivu. Kila alipokanyaga, puu, majivu yakaruka, yakamganda tumboni, mgongoni, puani. Aliporudi mlangoni alikuwa kama aliyepakwa unga.

"Fungua," akasema.

Nyati akanusa. "Moshi. Rudi nyuma."

"Ni mimi, Kiboko."

"Kila mtu ana jina," Nyati akajibu, mtiifu kama alivyofundishwa.

Juu ya jiwe lake Pimbi alicheka mpaka akashika mbavu. Kiboko alinguruma, akabembeleza, akataja hata chakula walichokula pamoja asubuhi ile. Nyati hakufumbua macho. Waliokuwa nyuma wakamwomba Kiboko awapishe, naye akaenda mkiani.

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka, majivu yakamwingia machoni, akalala chini hoi. Aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ni Digidigi.

"Nakujua," Digidigi akamwambia. "Sauti yako ndiyo iliyoniambia nirudi."

Digidigi akazibua kibuyu, akamnywesha mtoto kidogo, kisha akainama na tone lililobaki.

"Fumba macho, baba, nikuoshe, majivu yasikuume."

Kiboko, mwenye bwawa zima nyuma ya ule ua, alioshwa macho kwa maji ya mtoto mwenye kiu. Alipoyafumbua, alimwona yule mtoto akilamba mdomo wa kibuyu kitupu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kicheko cha Pimbi kikakatika. Alitaka kumkomesha mkubwa, na mtoto ndiye aliyeishiwa maji. Alishuka jiweni kichwa chini, akamvuta Nyati sikio.

"Fumbua macho, ndugu yangu. Watazame tu."

Nyati akafumbua. Aliona nyuso, moja baada ya nyingine, mpaka ule mwisho wa foleni. Akasogea kando.

Kiboko hakuingia wa kwanza. Aliuegemea ua kwa ubavu wake uliopasuka, miiba ikamchoma, ukafunguka mlango wa pili. Akaagiza wenye watoto na wagonjwa watangulie, na wengine waulizwe hali zao kama zamani. Alisimama pale mpaka wa mwisho akapita. Digidigi alipopita na mwanawe, Kiboko alitazama chini. Kisha akaingia bwawani, akazama.

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hushinda majini mchana kutwa, mwili kauficha kwa aibu. Lakini macho huyaacha nje, aone nani anakuja.

Nimefika nilipokuwa naenda, nanyi mbebe hili: mlango ni haki kuwa na mlinzi, lakini mlinzi awe na macho.