Mjane wa Tihama na Mafuta Yasiyonukia

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika Tihama, pwani ya Yemen, palikuwa na mtaa mzima wa wakamua mafuta. Kazi yao ilikuwa ufuta na fahari yao ilikuwa asumini. Msimu wa maua ulipoingia, wanawake waliyachuma kabla jua halijapata nguvu, wakayatandaza juu ya ufuta uliomenywa, tabaka la ufuta na tabaka la maua. Kila siku waliondoa maua yaliyochoka na kuweka mapya, mpaka punje zenyewe zikanywa harufu. Hapo ndipo ufuta ulipelekwa kwenye kinu, ngamia akazunguka, na uto ukatoka umenukia. Nywele zilipakwa uto huo, maharusi walisingwa nao, na watoto wachanga walikandwa nao. Harufu ya asumini iliingia mpaka vyunguni. Hata samaki wa kukaanga alinukia ua, na wenyewe hawakuwa na habari, kwani pua zao zilishazoea.

Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja mcha Mungu, Umaima binti Sahli. Yeye alishughulika na maua, na mumewe Mundhir alishughulika na ngamia na kinu. Waliishi kwa masikilizano, na mafuta ya msimu mmoja ndiyo yaliyowalisha mwaka mzima, wao na binti zao wawili. Basi mwaka mmoja, siku chache baada ya Idi ya mfungo mosi, Mundhir alishikwa na homa, na siku ya nne akarejea kwa Mola wake. Wiki ileile vitumba vya asumini vikaanza kufunguka.

Umaima akaingia eda. Nanyi mnajua, ndugu zangu, kwamba mjane hukaa miezi minne na siku kumi nyumbani mwake, akijiepusha na mapambo na manukato. Msimu wote wa asumini ungempita akiwa ndani.

Hasna, dada wa marehemu, alikuwa akija kila asubuhi kumsaidia. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye mikono myepesi na maneno mepesi vilevile. Akamwambia, "Wifi, maua yamejaa sokoni. Nikuletee?"

"Usilete, Hasna."

"Lakini hujipambi wewe! Hii ni kazi. Nani atakulaumu, na watoto wanataka kula?"

Umaima akasema, "Nikishika maua, mikono yangu itanukia, nguo zitanukia, na nyumba hii ninayokaa eda itanukia kama ya bibi harusi. Nitasimama mbele ya Mola wangu nimwambie ilikuwa kazi? Acha, mwanakwetu. Ufuta tunao. Tutakamua uto mtupu."

Mimi ninayewasimulia haya najua wamo miongoni mwetu ambao hapo wangeanza kutafuta sheikh wa kuwapa upenyo, na wangetafuta mpaka wampate. Umaima hakutafuta. Alimwita fundi akaparura kinu ndani, maana mti wake ulikuwa umekunywa asumini miaka mingi. Kisha ukakamuliwa ufuta mkavu mara tatu, na mafuta ya mara hizo tatu yakatolewa kwa ajili ya taa za msikiti. Mitungi ya zamani aliiweka kando, akaagiza mipya kwa mfinyanzi. Yakapatikana mafuta ya mitungi saba, meupe ya kung'aa, yasiyo na harufu ila ile ndogo ya ufuta wenyewe.

Majirani walikuja kumpa pole, wakayaona, wakacheka chinichini. Mmoja alishindwa kujizuia, akasema, "Sasa bi Umaima, bibi harusi gani atapakwa mafuta ya taa?"

Mwezi ukapita na mitungi imekaa palepale ukutani. Umaima alikuwa akiwapaka binti zake mafuta hayohayo mwili mzima, na ngozi zao zikawa laini kabisa, lakini ngozi za watoto hazinunui unga. Alianza kuogopa, na hilo hakulificha. Alisema katika sijida zake, "Ya Rabi, nimeyaacha maua kwa ajili Yako. Usiniache mimi na hawa watoto." Kisha akainuka akaendelea na shughuli zake.

Mwishoni mwa mfungo pili ukafika msafara wa mahujaji kutoka milima ya kusini, wakielekea kituo cha kuhirimia. Walikuwa wametembea siku nyingi. Visigino vyao vilipasuka vikatoka damu, na ngozi za mikono zikakauka zikachanika. Mkuu wao, mzee aliyeitwa Jubair, aliingia mtaa wa wakamua mafuta akiuliza jambo moja tu, mafuta yasiyo na manukato. Mwenye ihramu ameharamishiwa manukato, lakini uto mtupu aweza kupaka miguuni na mikononi, mbali na nywele na ndevu.

Kila mlango aliobisha walimletea mafuta wakimwapia kuwa hayana harufu. Mkewe, bibi Ghaziya, aliyekulia milimani kusikoota asumini hata mti mmoja, alikuwa akiinama kidogo tu, ananusa, anatikisa kichwa. Wale wakamuaji walikasirika kweli, maana wao hawakusikia kitu. Mwisho mtu mmoja akawaelekeza kwa mjane.

Bibi Ghaziya akanusa mtungi wa kwanza kwa Umaima, akatabasamu, akasema, "Haya ndiyo." Wakanunua mitungi yote saba bila kuvutana bei, wakaipeleka kambini kwao, kisimani nje ya mji, ambako walikusudia kupumzika hadi alasiri. Umaima akasujudu sijida ya shukurani palepale uani.

Alipoinua kichwa akamwona Hasna amesimama, uso umemsawajika.

"Wifi, nisamehe. Mtungi mmoja mpya ulipasuka siku ile ya kumimina. Nikachukua mmoja wa zamani. Niliusugua kwa jivu na maji ya moto hata ukafanana na mipya, nikaunusa, wallahi sikusikia chochote. Na wewe mwenyewe uliufungua ukanusa, hukusikia."

Umaima alijua maana ya maneno yale. Udongo wa mtungi ukishakunywa asumini huitoa tena kidogo kidogo ndani ya mafuta, na pua za mtaa ule hazikuwa shahidi wa kutegemewa. Watu wale wangehirimu, wangejipaka, na kosa lingekuwa ndani ya ibada yao pasi na wao kujua.

Hasna akasema kwa sauti ndogo, "Labda haitatokea. Na wakirudi, wataitilia shaka yote saba. Watarudisha yote, wifi."

"Ndiyo, huenda wakarudisha yote," akasema Umaima, na machozi yalikuwa karibu. "Mimi siwezi kutoka kwenda kambini kwa watu. Nenda wewe. Uwaambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze neno."

"Nitasema nini wakiniuliza ni mtungi upi?"

"Sema hatujui."

Hasna akaenda akilia njia nzima. Haikupita saa, wakaja mzee Jubair na mkewe, na ngamia wawili wamebeba mitungi saba. Umaima aliiona kupitia pazia la mlango, moyo ukamshuka. Akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mzee wangu, mlichotoa kiko hapa, sijakigusa. Chukueni chenu, na mniwie radhi."

Mzee Jubair akasema, "Bibi, huyu wifi yako ametuambia. Lakini mimi nina swali. Wewe ulisikia harufu yoyote?"

"Hapana."

"Na kuna mtu mtaani humu angeisikia?"

"Sidhani."

"Basi nani angekudai?"

Umaima akasema, "Mzee wangu, mafuta haya niliyakamua hivi kwa kumwogopa Yeye. Sasa nimdanganye Yeye katika mafuta hayohayo?"

Mzee akatazama chini. Bibi Ghaziya alipiga magoti uani, akafungua mitungi mmoja baada ya mwingine, akinusa taratibu na kupumzisha pua yake kati ya mmoja na mwingine. Kwa wa kwanza hadi wa nne akaitikia kwa kichwa. Wa tano akaurudia mara mbili, kisha akausogeza kando. Wa sita na wa saba ikawa mizima.

"Ni huu," akasema. "Kidogo sana, kama mtu aliyepita na ua mkononi akaenda zake. Lakini upo." Akainuka, akajipangusa magoti. "Hii sita tunaondoka nayo. Na msafara wetu wa mwakani, inshallah, utapita hapahapa kwako."

Kisha akausogelea mlango wa pazia, akauliza kwa upole, "Marehemu wako aliitwa nani?"

"Mundhir," akasema Umaima.

Wakarudishiwa bei ya ule wa tano, wakaenda zao. Zile fedha zikawavusha Umaima na binti zake salama, na hawakulala na njaa hata siku moja.

Eda ilikuwa imekwisha wiki moja mahujaji waliporudi. Bibi Ghaziya alikuja peke yake, uso umeungua jua, miguu mizima. Wakakumbatiana kama ndugu. Akasema, "Siku ya Arafa tulikuwa tukizungushiana mtungi wako. Niliwaambia wenzangu, kila anayechota na amwombee msamaha Mundhir, mume wa mwanamke aliyeturudisha kutoka kisimani. Wakafanya hivyo, wanaume kwa wanawake. Jua limesimama, na jina la mumeo linatajwa Arafa, huku na huku, na watu wasiomjua."

Umaima akakaa chini, akajifunika uso kwa ushungi, akalia kwa furaha kilio ambacho hakuwa amekilia tangu siku ya msiba.

Ndugu zangu, mtaa mzima haukuwa na pua moja ya kumsuta yule bibi, na ya kwake mwenyewe ilikuwa upande wake. Leo tunauza na kununua mafuta ya kila namna, ya nazi, ya ufuta, ya mwarobaini, na juu ya chupa tunaandika tunachotaka, kwa kuwa tunajua mnunuzi hana njia ya kupima. Tujiulize tungemtuma nani kisimani siku ile. Mwenyezi Mungu amrehemu Umaima, amrehemu na Mundhir wake, na atupe sisi moyo wa kusema kabla hatujaulizwa.