Mikono Miwili ya Dawa

“Dawa ina mikono miwili, iulize yote.” Vijana waliokuwa wakichambua maharage jikoni kwa Bibi Sekelaga waliisikia methali hiyo kwa jirani aliyepita kuaga akielekea hospitali, wakataka kujua imetoka wapi. Bibi akasogeza ungo, akasema: methali hii ilianza hivi.

Huko Iringa palikuwa na msukaji wa vikapu vya nyasi ziitwazo milulu, jina lake Twilumba. Alikuwa mtu wa kuuliza. Hata mbuzi hakumnunua mpaka aulize mama wa mbuzi huyo alikuwa na maziwa kiasi gani. Na vidole vyake vilijua kazi: alisuka huku akipiga soga na wageni, macho yakiwa kwao.

Mwaka mmoja akagusa kijivimbe kwenye titi. Hakukificha. Hospitalini wakakuta ni saratani, wakamfanyia upasuaji. Kidonda kilipopona, Daktari Mwanahawa akamwambia kwamba zimebaki dawa za dripu.

Nyumbani maneno yakawa mawili. Shemeji yake Lutengano, aliyewahi kumzika rafiki aliyefariki katikati ya tiba kama hiyo, alisema, “Shemeji, dawa zile ndizo zinazoua. Uvimbe umeshatoka, unatafuta nini tena?” Dada yake Twilumba akasema, “Nenda, pokea lolote watakalokutundikia. Wao ndio waliosoma.”

Twilumba aliwasikiliza, akaona hakuna hata mmoja anayejua dawa yenyewe inafanya nini mwilini. Jambo hilo likamkereketa kuliko hofu yake. Akarudi kwa daktari.

“Itanipa nini?”

“Uvimbe tuliouona tumeutoa,” alisema daktari. “Lakini huenda zimebaki chembe tusizoziona. Dawa huzisaka, na hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Kukuapia kwamba hautarudi, siwezi.”

“Na itanitwalia nini?”

Daktari akavuta kiti karibu. “Nywele, ila zitaota. Utachefukwa, tutakupa cha kutuliza. Kinga ya mwili itashuka. Ukipata homa, usingoje kesho, njoo. Na vidole vinaweza kufa ganzi.”

“Vya mikono?”

“Vya mikono na miguu. Kwa wengi ganzi hupungua baadaye. Wengine hubaki nayo.”

Twilumba akaitazama mikono yake mapajani. “Mimi ni msukaji, daktari. Hakuna nyingine?”

“Ipo isiyosumbua sana vidole, lakini kwa saratani ya aina yako nguvu yake ni ndogo. Kukataa pia ni haki yako.”

“Nikianza, ganzi ikaja?”

“Niambie mapema, hata ikiwa kidogo. Tunaweza kupunguza kipimo.”

Aliyabeba maneno hayo nyumbani, akayageuza na kuyageuza, shambani na jikoni. Alivipenda vidole vyake. Alipenda pia kuwaona wanawe wakikua. Mwishowe akaenda kuanza.

Nywele zilianguka, chakula kikawa na ladha ya chuma. Kisha asubuhi moja akashindwa kufunga kifungo cha blauzi. Alitamani kunyamaza, maana aliogopa wataikatisha dawa, lakini akasema. Daktari akapunguza kipimo, na tiba ikaendelea hadi mwisho. Ganzi ikapungua taratibu, ila ncha za vidole viwili hazikurudiwa na hisia.

Lutengano alimkuta siku moja akifumua kikapu kilichokwenda upande. “Unaona, shemeji? Dawa imekunyang’anya vidole.”

“Imechukua ncha mbili,” alijibu Twilumba, “na nililijua hilo kabla sijatundikiwa dripu ya kwanza. Dawa ina mikono miwili, shemeji. Mmoja hutoa, mwingine hutwaa. Niliiuliza yote, ndipo nikakubali.” Akaanza kusuka upya, polepole, akiutazama kila unyasi.

Miaka ikapita, na saratani haikurudi. Jioni moja Lutengano akaja, akaketi bila kusalimu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Amekutwa na saratani ya tezi dume, akasema. Madaktari wanataka kumchoma kwa mionzi. Nyumbani kwake wengine wanasema aende, wengine wanasema asithubutu.

“Wewe unasemaje, shemeji?”

Twilumba hakumwambia aende wala asiende. Akaweka kikapu chini, akamshika mkono.

“Dawa ina mikono miwili,” akasema. “Kesho twende pamoja, tuiulize yote.”