Sauti Tatu za Feruzi

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura na fisi. Zamani hii ya juzi, ya suruali pana chini, nami nilikuwepo. Atakayewasimulia kisa hiki kwa namna nyingine amekisikia kwa mtu, na mtu huyo alikisikia kwangu. Mimi Mihambo nilikiona kwa macho haya mawili, nikakisikia kwa masikio haya, moja zima na jingine la mashaka. Shule niliishia darasa la nne, lakini macho hayana darasa.

Katika mji wetu wa Igombe Stesheni, mji wa reli, tumbaku na asali, palikuwa na bendi ikiitwa Igombe Jazz, na katika bendi hiyo palikuwa na mpiga tarumbeta akiitwa Feruzi. Msiniulize kama alikuwa hodari. Nendeni mkamuulize samaki kama maji yanalowesha. Dansi letu lilikuwa la Jumapili alasiri, na Feruzi akipuliza, nguo zilizoanikwa kambani zililala upande wa sauti, hata kama upepo ulivuma upande mwingine. Mkuu wa stesheni aliwahi kuinua bendera ya kijani akasahau kuishusha. Treni iliondoka, ikafika ilikokwenda, yeye bado mkono uko juu.

Na tarumbeta ile ilisema. Sisemi ililia, nasema ilisema. Feruzi alipita uchochoroni akapuliza "shikamoo", na vikongwe waliokuwa ndani wakichambua mchele, bila hata kuchungulia, waliitika, "Marahaba, mwanangu." Akiwa na kiu alipuliza, na kikombe cha maji kikaja. Na akikupenda sana, sana, alipuliza jina lako mwishoni mwa wimbo. Kuitwa na tarumbeta ya Feruzi kulishinda udiwani. Diwani husahaulika akishindwa kura.

Nje ya ukumbi, chini ya dirisha, palikuwa na benchi la mashabiki. Watatu hawakukosa hapo. Maganga, fundi baiskeli. Kasanda, mrina asali. Na Nyamizi, mwanamke aliyekuwa akifua nguo za watu wa reli. Hawakuwa ndugu, hawakuwa majirani. Walichokuwa nacho pamoja ni Feruzi.

"Wimbo wake mkubwa ni ule wa treni iliyochelewa," Maganga alikuwa akisema kila Jumapili.

"Wewe kwa kuwa ni mtu wa vyuma," Kasanda alimjibu. "Mkubwa ni ule wa asubuhi ya tumbaku. Wimbo ule unanukia, bwana. Naunusa kabisa."

"Pua yako imekaushwa na moshi wa mizinga, mtani wangu. Itanusa nini?"

Nyamizi aliwaacha mpaka wachoke. Kisha alisema taratibu, "Mnabishania nyimbo, nyimbo zenyewe hamzijui. Ule wa treni una mahali anavuta pumzi. Hapa." Akaimba kidogo kwa pua, akavuta pumzi. Nao wakakubali, maana kweli, palikuwa ni hapo hapo.

Basi ukaja mwaka wa mvua nyingi. Lori lililobeba bendi likabinuka mtoni. Hakufa mtu. Lakini Feruzi alipoteza vitu vitatu kwa mpigo mmoja. Tarumbeta ilibanwa ikawa bapa kama chapati. Mdomo wake wa juu ulipasuka ukakataa kupona. Na nyimbo zilimtoka kichwani, zote, akabaki kama nyumba iliyohamwa.

Akakaa barazani kwake miaka mitatu. Mji nao ukakaa. Jumapili zilikuja zikapita kama watu wasiojuana. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiota tarumbeta mchana, nikiwa macho, natembea.

Siku moja akamwita Mzee Swedi, kiongozi wa bendi, akampa neno, na Mzee Swedi akalileta benchini: "Feruzi anasema hivi. Atakayemrudishia sauti yake, atampulizia jina lake mwishoni mwa wimbo, na tarumbeta itakuwa yake. Anasema amebakiwa na pumzi ya wimbo mmoja. Ameipima."

Kasanda akainuka wa kwanza. Akaingia msituni kutafuta asali ya wale nyuki wadogo wasiouma, wanaojificha ndani ya miti mikubwa. Akatembea siku saba. Siku ya nane akaipata, juu, juu sana, akaikinga, akaanguka nayo. Alirudi mguu umevunjika, kibuyu kizima. Akampaka Feruzi mdomoni asubuhi na jioni, mwezi mzima, na mdomo ukafunga. Mguu wa Kasanda haukufunga vizuri mpaka leo. Anachechemea.

Feruzi akagusa mdomo wake, akacheka, akasema, "Mdomo ninao. Sasa nipulize nini, ngumi?"

Maganga akainuka wa pili. Akachukua ile chapati ya shaba akaigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, kama anayemwamsha mtoto wa mwenye nyumba. Palipopasuka akatia lehemu. Vile vitufe vitatu vya kubonyeza vilikosa springi. Maganga alikuwa na baiskeli moja, ndiyo miguu yake na ndiyo tangazo la kazi yake. Akaifungua. Springi za tandiko akazikata, akazikunja upya, akazitia kwenye vitufe. Ngozi ya pampu akaikata, akaziba palipovuja. Baiskeli ile haikusimama tena.

Feruzi akabonyeza vitufe, tik, tik, tik, akasema, "Mdomo ninao, chombo ninacho. Sasa nipulize wimbo gani?"

Nyamizi akainuka wa tatu. Akaenda barazani akakaa chini kwenye jamvi, akaanza kumwimbia kwa pua, wimbo mmoja kwa siku. Ule wa treni, na pale pa kuvuta pumzi. Ule wa tumbaku. Ule wa mvua inayotishia isinyeshe. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo watu huniita mwongo: kila wimbo uliomwingia Feruzi ulimtoka Nyamizi. Alikuwa akiinuka jamvini ameukosa. Njiani anasimama, anafungua mdomo, hakuna kitu. Alijua tangu wimbo wa kwanza, na kesho yake alirudi. Siku arobaini alirudi. Siku ya mwisho alitoka pale kichwa chepesi kama ndoo iliyomwagwa.

Feruzi akasema, "Jumapili."

Miguu yake, baada ya miaka ile ya kukaa barazani, haikuweza kusimama muda mrefu, kwa hiyo alihitaji kiti cha maana. Nani alimpatia? Mimi. Kiti changu cha mninga, chenye egemeo, nilikibeba kichwani kutoka nyumbani mpaka ukumbini, jua la saa tisa, na watu wakanipisha.

Akakaa. Akapuliza.

Niwaambieni nini? Sauti ilitoka laini, kama moshi wa kwanza wa jiko asubuhi. Haikupanda, ilitanda. Ukumbi ule una mabati, nami niliona mabati yakiwa membamba kama karatasi, tena kama hewa, tukawa tumekaa chini ya mawingu. Aliyekuwa na marehemu wake alimwona akiingia mlangoni, anatafuta pa kukaa. Mimi nilimwona mama yangu amebeba kuni, akanitazama, akaendelea na safari yake. Hakuna aliyecheza. Miguu ilikuwepo, sakafu hatukujua iko wapi. Nje, treni ya mizigo ilipita na haikupiga kelele. Ilielea.

Kisha wimbo ukaisha. Feruzi akafumba macho, akavuta ile pumzi aliyoipima, akapuliza sauti tatu.

Pa-PAAA-pa.

Akaiweka tarumbeta mapajani. Akaegemea kiti changu, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza. Tukamwacha asikilize. Kivuli kilipotoka dirishani kikafika miguuni pake ndipo Mzee Swedi alipomgusa mkono, akavua kofia.

Tulimzika kesho yake. Na baada ya matanga, Mzee Swedi akatoa tarumbeta, akaipakata, akauliza benchi zima: "Aliitwa nani?"

"Mimi," akasema Maganga. "Ma-GAAA-nga. Nani hakusikia?"

"Mimi," akasema Kasanda. "Ka-SAAA-nda. Ilikuwa wazi kama mchana."

Nyamizi akasema polepole, "Nya-MIII-zi."

Tukatazamana. Hapo mji mzima ukaanza kuhesabu kwa vidole sauti za majina yao. Msichana mmoja akiitwa Sikudhani akajihesabu, akapata nne, akaangua kilio. Mama mmoja akiitwa Tatu akajihesabu mara mbili, akapata mbili. Akakasirika: "Jina langu Tatu, lina sauti mbili! Nani alinipa jina hili? Na huyo Feruzi mwenyewe je? Fe-RUUU-zi! Alijiita mwenyewe akaenda zake. Tawanyikeni!"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka ghafla. Mzee Swedi akasema, "Hapana. Feruzi aliahidi jina la aliyemrudishia sauti, na hajawahi kuvunja ahadi. Semeni kila mtu neno lake."

Maganga akasema, "Mdomo bila chombo ni mluzi. Wimbo bila chombo ni mawazo. Mliyosikia Jumapili ile yalipita ndani ya springi za baiskeli yangu. Leo naenda kazini kwa miguu, fundi baiskeli asiye na baiskeli, watoto wananizomea. Nilijua, na nikaifungua."

Kasanda akagonga fimbo yake chini. "Baiskeli hununuliwa, mtani. Mguu unauzwa duka gani? Tena mimi ndiye niliyeanza. Nisingeanza, nyinyi mngemtengenezea nani tarumbeta, mngemwimbia nani? Mtu mwenye kidonda? Njia ni ya aliyeifyeka."

"Wa kwanza hufyeka," Maganga akasema, "lakini anayefika ndiye msafiri."

Nyamizi alikuwa ameinamia vidole vyake. Akasema, "Kaka zangu, sibishani nanyi. Maganga, jina lako limeandikwa kwenye ubao wa karakana yako, kwa rangi nyekundu. Kasanda, una watoto saba, na wa tatu anaitwa Kasanda. Mimi sikuzaa. Shule sikuingia, jina langu halijaandikwa hata kwenye daftari. Nikifa, nani atatamka Nyamizi? Ule wimbo wa Jumapili nyote mnao kichwani. Mnaupiga mluzi mkienda kisimani. Mimi sina. Mnaponipita mkiupiga, nauliza, huo wimbo wa nani? Kimenibakia kipande kimoja tu, zile sauti tatu za mwisho. Mkininyang'anya na hizo, nirudi nyumbani na nini?"

Maganga akatazama pembeni. Lakini Kasanda akasema, "Dada, uchungu wako nauona. Ila tuambiane: tunagawa haki au tunagawa huruma?"

Mzee Swedi alishindwa. Akanigeukia: "Mihambo, wewe husema umeona kila kitu. Amua." Nami nikamwambia nitakwenda kuuliza watu waliosoma kunizidi. Ndiyo kazi niliyo nayo mpaka leo, mji kwa mji. Tarumbeta iko kwa Mzee Swedi, imefungwa ndani ya khanga. Jumapili alasiri wale watatu bado hukaa benchi lile lile, wala hawajagombana. Maganga hupiga mluzi ule wimbo, polepole, na Nyamizi humsikiliza kama mgeni. Ukifika mwisho Maganga huacha kidogo, na zile sauti tatu huzipiga wote pamoja, kila mmoja na jina lake.

Nimesema nilishuhudia yote, na yote ni kweli. Nimetunga kitu kimoja tu. Kiti hakikuwa changu. Kilikuwa cha Nyamizi, hicho hicho kimoja alichokuwa nacho nyumbani kwake. Mimi nilikibeba tu. Nilikiita changu kwa sababu nami naitwa Mi-HAAA-mbo, na Jumapili ile, nawaapia, nilisikia.

Sasa nyinyi mliosoma, nijibuni: tarumbeta ilimwita nani?