Aliyetoka Kabla ya Kipenga

Aliyetoka kabla ya kipenga asibebe habari.

Maneno hayo mmeyasikia leo, pale mwenzenu alipotoka uwanjani mchezo ukiwa katikati, akawa anamtangazia kila aliyekutana naye njiani kwamba timu ya chuo imekwisha. Yule mama muuza karanga akamjibu hivyo, ninyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Sogezeni viti. Si msemo wa kale sana, na wala haukuanza kwa kicheko. Mimi niliuona ukizaliwa, nami nitawaeleza ulivyozaliwa.

Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Bukamba, nikiichezea timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Kocha wetu alikuwa Mwalimu Nkwabi. Asubuhi alitufundisha hesabu, jioni alitufundisha kikapu. Hakujaliwa mke wala mtoto. Aliishi na dada yake mjane, Bi Kabula, katika nyumba ya walimu iliyo jirani na uwanja. Uwanja wenyewe aliusawazisha yeye kwa jembe, na nguzo za goli alizisimamisha yeye. Mwaka hadi mwaka aliipeleka timu kwenye mashindano ya vyuo, na mwaka hadi mwaka aliirudisha mapema, imefungwa. Walimu wenzake walimtania kwamba anawapotezea watoto wa watu muda wa kusoma. Alikuwa akitabasamu tu, kesho yake jioni unamkuta tena uwanjani na filimbi yake shingoni.

Mtu wa pili mnayepaswa kumjua ni Lushinge, mwenye bucha pale sokoni. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na hakuna shabiki aliyetupenda kuliko yeye. Popote tulipocheza alifunga bucha akaja. Siku za kazi, ukienda kununua nusu kilo ya nyama unatoka na matokeo ya vyuo vyote na maoni yake juu ya kila mchezaji.

Mwaka ninaousema, mashindano yalijaa vituko. Vyuo vikubwa vilianguka kimoja baada ya kingine. Chuo cha Kilimo, ambao hata viatu waliazimana, waliwatoa Chuo cha Maji waliokuwa hawajafungwa msimu mzima. Wauguzi nao wakawashinda Uhasibu kwa pointi moja, mpira wa mwisho ukizunguka juu ya chuma kabla ya kuzama. Lushinge alikuwa kama mtu mwenye homa.

"Nilisema mimi!" alifoka huku akikata mbavu. "Uhasibu wana majina, miguu hawana! Na Maji nao walizoea kusifiwa, wakasahau kurudi nyuma kulinda. Mwaka huu mdogo ndiye mkubwa. Andikeni!"

Mteja mmoja akamuuliza, "Na Bukamba je? Nao si wadogo?"

Lushinge akashusha panga. "Bukamba nawapenda," alisema. "Lakini kupenda ni kupenda, na mpira ni mpira."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliamini miujiza ya kila mtu isipokuwa ya kwetu. Alikuwa ametuona tukifungwa mara nyingi mno.

Kwa kuwa wakubwa waliokuwa mbele yetu walitolewa na wengine, tukajikuta tumefika fainali. Tulipangiwa Chuo cha Biashara, ng'ambo ya ghuba, mabingwa wa miaka yote. Wiki hiyohiyo Mwalimu Nkwabi alilazwa. Ugonjwa wake ulikuwa wa ini. Alikuwa nao kwa muda mrefu akiuficha, na sasa tumbo lilikuwa limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano. Daktari alimwita Bi Kabula pembeni akamwambia ajiandae.

Tulikwenda kumuaga hospitalini, Lushinge akiwa pamoja nasi. Mwalimu hakutuhutubia. Alimwambia Sayi, nahodha wetu, "Msikimbizane nao kipindi cha kwanza, watawachosha. Ngojeni wachoke wao." Kisha akamshika Lushinge mkono.

"Lushinge, mimi sitakuwepo. Wewe ndiye macho yangu. Mchezo ukiisha panda feri ya mchana, uje uniambie. Hata yakiwa mabaya, nataka niyasikie kutoka kwako."

"Nitakuja, Mwalimu," Lushinge akajibu. "Nitakueleza mpaka rangi ya soksi zao."

Mwalimu alicheka, kisha akakohoa sana, tukaambiwa tutoke.

Fainali ilichezwa Jumamosi asubuhi, huko kwao ng'ambo. Biashara walikuwa na msichana mmoja mrefu sana aliyekuwa akisimama chini ya goli kama mlingoti. Kila tulichorusha alikidaka, na kila alichorusha kiliingia. Tulifanya kama tulivyoagizwa, hatukukimbizana nao, lakini ilionekana kana kwamba tumekata tamaa. Kipindi cha kwanza kilipokwisha walikuwa wametuacha mbali. Cha pili kilipofika katikati tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na tisa. Mashabiki wa Biashara walianza kuimba wimbo wa kutuaga.

Hapo nilimwona Lushinge akisimama. Alivaa kofia yake, akatutazama kidogo, akageuka. Mgongo wake ulipita kati ya watu ukielekea langoni, na wakati wote huo hakugeuka nyuma. Nadhani hakuwa na hasira nasi. Nadhani alishindwa tu kuangalia.

"Lushinge anaondoka," nilimwambia Sayi.

"Mwache," akasema. "Angalia mpira."

Haukupita muda mrefu yule msichana mrefu akamgonga mwenzetu mkono. Refa akapuliza. Ilikuwa faulo yake ya tano, akatolewa nje. Alipotoka, Biashara walikuwa kama nyumba iliyong'olewa nguzo. Tulianza kuwabana tangu kwenye goli lao, tukawapokonya mpira wakiwa bado hawajavuka nusu ya uwanja. Walikuwa wamechoka, kama Mwalimu alivyosema. Pointi kumi na tisa zikawa kumi na mbili, zikawa sita. Watu waliokuwa wakiimba walinyamaza. Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na Sayi akapata mpira pembeni, mtu yupo mbele yake. Akaruka, akarusha. Kipenga kililia mpira ukiwa hewani, na mpira ukaingia.

Sijui niwaelezeje kelele zile. Wanafunzi wa vyuo vidogo vyote vilivyokuwa vimekuja kutazama waliingia uwanjani kama maji ya mafuriko. Ilichukua muda mrefu hadi tukakabidhiwa kombe, na hapo Sayi akaanza kunivuta jezi. "Feri!" alisema. "Lushinge yuko kwenye feri!"

Tulikimbia hadi gatini na viatu vyetu vya mchezo. Feri ilikuwa imeng'oa nanga, iko umbali ambao sauti haifiki vizuri. Tulipunga mikono, tukaita jina lake. Baadaye tulikuja kujua kwamba feri ile ilichelewa kuondoka. Lushinge alikuwa amekaa ndani yake muda mrefu, ameegemea magunia ya mahindi, na kelele za uwanjani alizisikia. Alidhani ni Biashara wanashangilia kombe lao. Angeuona mchezo hadi mwisho na feri asingeikosa.

Simu za mkononi hazikuwapo miaka ile, na simu ya hospitali ilikuwa mbovu tangu mvua za masika. Hapakuwa na namna. Tulikaa gatini na kombe letu tukingoja feri ya jioni.

Yaliyotokea hospitalini nilielezwa na Bi Kabula mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amekaa kando ya kitanda.

Lushinge aliingia akiwa ameshika kofia mkononi. Mwalimu Nkwabi alikuwa amefumba macho, akayafumbua.

"Umefika," alisema. "Haya, nipe."

Lushinge aliigeuzageuza kofia mikononi.

"Nipe, Lushinge. Nilikwambia hata yakiwa mabaya."

"Tumefungwa, Mwalimu."

"Kwa ngapi?"

"Nyingi. Kumi na tisa."

Mwalimu alifikiri kidogo, kama anayepiga hesabu. Kisha akauliza, "Na yule wao mrefu, alimaliza mchezo?"

"Alimaliza."

"Hakutolewa? Nilidhani atatolewa. Mikono yake haitulii." Akamtazama Lushinge usoni. "Kipenga cha mwisho umekisikia?"

Bi Kabula aliniambia kwamba hapo Lushinge alisita. Angeweza kusema kweli. Neno lilikuwa dogo tu: hapana, Mwalimu, niliondoka wakiwa bado wanacheza. Lakini angemwambiaje mgonjwa aliyemfanya kuwa macho yake kwamba macho hayo yaliondoka mapema? Aliona haya. Na moyoni mwake hakuwa na shaka hata kidogo kwamba tumefungwa.

"Nimekisikia," akajibu.

"Watoto walilia?"

"Walilia, Mwalimu."

Mwalimu Nkwabi aligeukia ukutani. Kisha akasema polepole, "Basi miaka yote hii niliwachosha bure watoto wa watu."

Bi Kabula alimwambia, "Usiseme hivyo, kaka." Hakusema neno jingine. Lushinge alisimama, akaaga, akaenda zake. Jua lilipoanza kushuka, Mwalimu Nkwabi akakata roho, uso wake ukiwa bado ukutani.

Sisi tulishuka kwenye feri tukiimba. Mji mzima haukujua, kwa hiyo watu walitoka madukani kutushangaa. Tulipofika sokoni, Lushinge alikuwa amesimama mlangoni pa bucha yake na aproni yenye damu. Aliona kombe mikononi mwa Sayi.

"Hilo la nini?" akauliza.

"La kwetu!" tukamjibu kwa sauti moja. "Tumewapiga kwa pointi moja, mzee!"

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alitazama kombe, akatutazama sisi, akaanza kukimbia. Mtu mnene kama yule, na aproni yake, akapanda kilima cha hospitali mbele yetu akijikwaa na kuinuka. Sisi tulidhani furaha imemzidi, tukamfuata tukiimba na kucheka.

Bi Kabula alikuwa amesimama nje ya wodi, ameufunga mtandio kichwani.

"Dada, niache niingie," Lushinge alisema akihema. "Nina neno la kumwambia. Dakika moja tu."

"Umeshamwambia," Bi Kabula akasema.

"Lile silo. Kuna jingine."

Bi Kabula hakumzuia. Alisogea kando. Lushinge akaingia, nasi tukasimama mlangoni, tukaacha kuimba, maana tuliiona shuka iliyofunika uso. Lushinge alipiga magoti kando ya kitanda. "Wameshinda, Mwalimu," alisema. "Wameshinda. Yule mrefu alitolewa, kama ulivyosema." Aliyarudia maneno hayo mara nyingi, hata muuguzi akaja akamwinua.

Usiku ule tulimweleza Bi Kabula yote ya uwanjani, na kesho yake tukamzika Mwalimu. Jioni watu walikaa matangani, na kama mjuavyo, watu wakikaa kitako mazungumzo hayakosekani. Mgeni mmoja, ndugu aliyetoka mbali, alisikia kwamba marehemu alikuwa kocha, akauliza fainali ilikwendaje. Watu wakamgeukia Lushinge, kwa mazoea tu, kwa kuwa siku zote yeye ndiye aliyesimulia. Na yeye naye, kwa mazoea, akafungua kinywa.

"Kaka Lushinge," Bi Kabula akasema kutoka pale mkekani alipokaa. Hakupaza sauti. "Aliyetoka kabla ya kipenga asibebe habari."

Lushinge alifunga kinywa chake. Hakuna aliyemtukana, wala Bi Kabula hakumtaja tena kwa ubaya hadi siku zake zilipokwisha. Lakini neno lilikuwa limetoka, na watu waliondoka nalo. Baada ya wiki moja lilikuwa sokoni. Baada ya mwaka lilikuwa likisemwa na watoto wasiojua hata Nkwabi alikuwa nani.

Bucha ya Lushinge ikawa kimya. Ulikwenda, ulipimiwa nyama yako, ukaondoka. Uwanjani aliendelea kuja, tena alikaa hadi marefa wamekunja vitabu vyao na watu wamekwisha kutawanyika. Lakini ukimkuta njiani ukamuuliza, "Mzee, leo imekuwaje?" alitikisa kichwa, akapita. Alikufa hivyo, bila kumwambia mtu matokeo ya mchezo wowote.

Nanyi mtaniuliza kama sisi tulifurahia kombe lile. Tulilifungia kwenye kabati la chuo. Sikumbuki hata siku moja tuliyolitoa tukalitazama.

Naona mjukuu wangu Mbuke ana swali. Sema.

"Bibi, kama angesema kweli, Mwalimu angepona?"

Hapana, mjukuu wangu. Ini lake lilikuwa limekwisha, angekufa jioni ileile. Lakini angekufa akijua kwamba watoto wake bado wanacheza. Angekuwa bado anangoja, na anayengoja ana kitu mkononi. Lushinge alimnyang'anya hicho, na alikuwa mtu aliyempenda.

Kwa hiyo mtu akichoka kutazama, aondoke, halaumiwi. Macho ni yake na moyo ni wake. Ila akiulizwa, aseme, "Nimewaacha wanacheza," anyamaze hapo. Aliyetoka kabla ya kipenga asibebe habari.