Sauti ya Mlinzi wa Ndiva

"Asiyekusikia ukilia hajaijua sauti yako." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, na badala ya kuuliza maana mkaanza kuchekana. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo lililojengwa juu ya mashamba. Mlinzi wa ndiva moja aliitwa Mchome. Kila asubuhi alisimama ukingoni akaita zamu, na alikuwa na mwito wake: aliyavuta majina taratibu, mwishoni akayapandisha, mpaka bonde zima likajua nani afungue mfereji. Sheria ilikuwa moja. Mwenye zamu haondoki mferejini mpaka Mchome aite mwingine. Akiondoka, zamu imempotea. Na watu walikuwa macho, maana wajanja wawili watatu walishawahi kupiga kelele za uongo ili waibe maji.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Nakijwa, mke wa Mchome mwenyewe. Maharage yake yalikuwa yameanza kunyauka, na zamu nyingine ingemfikia baada ya siku tisa. Alikuwa ameinama na jembe, yeye na majirani waliokuja kumsaidia, mara ikasikika sauti kutoka juu, nyembamba, ya haraka, inakatikakatika.

"Tokeni! Ukuta unapasuka! Pandeni kilimani!"

Mzee Kiangi, msimamizi wa zamu, hata hakuinua kichwa. "Huyo si Mchome. Mchome namsikia mwaka wa kumi na mbili huu. Mwizi wa maji huyo, anataka tukimbie."

Wengine wakacheka, wakaendelea kuelekeza maji. Nakijwa hakucheka. Sauti ile aliijua.

"Ni mume wangu," akasema.

"Mwanangu, tangu lini Mchome akaita hivyo?"

"Baba, wewe unamjua akiita zamu. Mimi nilikuwa naye siku tulipomzika mwanetu Namsifu. Alilia kwa sauti hiyohiyo, na sikuisikia tena hadi leo." Akalitupa jembe mferejini. "Maharage na yafe. Mimi napanda, na wewe utapanda mbele yangu."

Akamshika mkono mzee wa watu, akamkokota. Majirani walipoona mwenye zamu mwenyewe ameacha maji, wakafuata, wengine bado wananung'unika. Walikuwa wameshatoka kwenye njia ya maji, bado hawajafika juu ya kilima, ukuta wa ndiva ukabomoka. Maji na mawe yakafagia maharage, jembe, na mahali palepale alipokuwa amesimama Kiangi.

Mchome aliteremka mbio, akawahesabu mmoja mmoja kwa kidole, wote wapo. Alipomfikia mkewe akafungua kinywa amwite, lakini koo lilikuwa limekauka kwa kupiga kelele, ukatoka mkwaruzo tu.

"Na hii nayo siijui," Kiangi akasema. Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Miaka kumi na miwili nakusikia kila asubuhi, Mchome, nikajiona nakujua. Leo ningewazika watu kwa ujuaji wangu. Kumbe asiyekusikia ukilia hajaijua sauti yako."