Zuio Halikamui Ng'ombe

"Zuio halikamui ng'ombe." Mmeyasikia maneno hayo leo mkutanoni. Mwenyekiti alikuwa anafunga kisima kwa sababu ya ugomvi, bibi mmoja akayaguna huko nyuma, watu wakaangua kicheko, na nyinyi mkacheka vilevile, ingawa naapa hakuna hata mmoja wenu aliyejua anacheka nini. Haya, wekeni miwa chini. Msemo huo ulizaliwa namna hii.

Huko Upare milimani, zamani, mwenye ng'ombe wengi alimpa jirani yake ng'ombe mmoja amtunzie. Mtunzaji anakamua na kunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye mali. Maandishi hakuna. Ushahidi ulikuwa mkono: anayekamua mbele za watu, ng'ombe yuko kwake. Mwenye mali akimtaka mnyama wake, huja asubuhi, huchuchumaa, hukamua mwenyewe mbele ya majirani, na hapo maneno yamekwisha.

Basi mjane mmoja, Nakiete, alikuwa ametunza ng'ombe aliyeitwa Kanga kwa madoadoa yake. Mwenye ng'ombe akafariki, na mwanawe, Eliamani, akaja kumdai. Nakiete akasema marehemu alimwachia kabisa. Eliamani akasema marehemu hakuwa mwehu. Wakafikishana barazani.

Mkuu wa baraza, Mzee Kajiru, alipenda amri kuliko ugoro. Kukuita ni wito, kukukataza ni zuio, kumaliza maneno ni hukumu, na ole wako uyachanganye mbele yake. Aliwasikiliza wote wawili, akagonga fimbo.

"Leo sitoi hukumu. Leo natoa zuio. Ng'ombe afungwe hapa barazani, na mkono wa mtu usimguse mpaka Alhamisi."

Kisha akashika njia kwenda msibani mlima wa pili, roho kwatu.

Aliyebaki na Kanga ni Mrutu, mgambo wa baraza. Alikuwa mgeni kazini, kofia yenyewe bado inamshuka mpaka kwenye nyusi. Kwake amri ilikuwa rahisi: asiguswe. Akamtupia majani kwa mbali, akasimama wima kama nguzo.

Jioni Kanga akaanza kulia. Mrutu akaenda kwa Nakiete.

"Mama, njoo umkamue, anaumia."

"Mwanangu, unataka wanifunge? Si nimekatazwa?"

"Basi nimwite Eliamani."

"Thubutu! Akikamua mbele za watu si ameshinda? Kwani amekulisha nini wewe?"

Akaenda kwa Eliamani.

"Afande, nikimgusa navunja zuio," Eliamani akasema. "Akimgusa yule mama, ng'ombe wake. Serikali ni wewe hapa. Fikiri."

Mrutu akafikiri, akapata wazo: aletwe ndama anyonye! Ndama si mtu. Akarudi mbio kwa Nakiete.

"Ndama yuko zizini kwa nani?" Nakiete akamuuliza.

"Kwa Eliamani."

"Basi mdomo wake ni mkono wa Eliamani. Nenda kalale, mwanangu."

Akamwendea karani wa baraza. Karani akasema zuio ni zuio. Mrutu akauliza, je, mkono wa mgambo ni mkono wa mtu, au ni mkono wa baraza? Karani akamwambia swali hilo limsubiri mkuu. Na hata kama mkono wake ungeruhusiwa, Mrutu hakujua kukamua. Kwao walifuga kuku.

Asubuhi kiwele kilikuwa kimewambwa kama ngoma. Kanga hakula. Alikuwa amepanua miguu, anatetemeka, na sauti imeshuka. Watu wakajaa barazani, kila mmoja na tafsiri yake ya zuio, na kadiri walivyofafanua ndivyo Mrutu alivyozidi kupotea. Kitu kimoja tu alikielewa: kiwele kikiharibika, hakutakuwa na mshindi wala mshindwa, kutakuwa na nyama. Na atakayeulizwa ni yeye.

Mchana Mzee Kajiru akatokea.

"Kelele za nini? Si nilisema ng'ombe asiguswe?"

"Hajaguswa, mzee," Mrutu akajibu, kofia mkononi. "Ndiyo maana anakufa."

Mzee Kajiru akamtazama Kanga. Akageuka kwa Nakiete, akanyoosha fimbo, akaishusha. Akageuka kwa Eliamani, akainyoosha tena, akaishusha. Yeyote atakayemtaja, amekwisha kumpa ng'ombe.

"Aje mtu mwingine akamue," akasema.

"Ulisema mkono wa mtu," watu wakamkumbusha. "Sisi pia ni watu, mzee."

Mzee akavua koti, akampa Mrutu fimbo, akachuchumaa. Chombo kikawa shida, maana kibuyu cha huyu au cha yule ni kesi nyingine. Likaletwa sufuria la chai la baraza. Akavuta mara moja. Kanga akampiga teke, mzee akakaa kwenye samadi.

"Usivute, mzee, si kamba ya kengele hiyo!" Eliamani akapiga kelele.

"Mpapase kwanza!" Nakiete akasema. "Mwimbie kidogo, amezoea wimbo."

"Kweli kabisa, mwimbie," Eliamani akaitikia. "Hata baba alikuwa anamwimbia."

Mzee Kajiru, mwenye wito, mwenye zuio, mwenye hukumu, akaimba. Maziwa yakaanza kushuka. Kanga akashusha pumzi hata majani yakaruka, na Mrutu naye akashusha ya kwake.

Mzee akainuka, magoti yakilia. "Zuio langu lilifunga mikono yote," akasema, "na halikuacha wa kukamua. Zuio halikamui ng'ombe. Mpaka Alhamisi nitamkamua mimi, asubuhi na jioni."

"Mzee, heri utoe hukumu leo," Nakiete akasema. "Kanga hafiki Alhamisi kwa mikono hiyo."

Hukumu ilitoka kweli Alhamisi: Kanga abaki kwa Nakiete mpaka azae tena, kisha arudi kwa Eliamani, na ndama atakayezaliwa awe wa Nakiete. Lakini hukumu hiyo wengi wameisahau. Kilichobaki ni swali. Tangu hapo, baraza likizuia shamba lenye mahindi mabichi, au mzinga uliojaa, mtu mmoja huuliza, "Na nani atakamua?"

Sasa rudini kwa mwenyekiti wenu. Kisima amekifunga, wenye ugomvi amewafukuza, na jioni hii watu watataka kupika. Msigombane naye. Mpelekeeni ndoo tu, na mumwambie kwa heshima zote: zuio halikamui ng'ombe.